Mlima Kiraka

Jumamosi, tarehe 19 Septemba 2071. Asubuhi hiyo ukungu mwembamba ulikuwa umelala juu ya tope la bwawa lililokaushwa, na upepo wa mwisho wa kiangazi ulikuwa na ile baridi ya nyanda za juu inayomfanya mtu azungumze kwa kifupi. Jua lilichomoza jekundu kwa vumbi, likapanda kidogo, ndipo likaanza kufanana na jua.

Otilia Ngonyani alishuka garini, akaweka sawa kitenge alichojitanda juu ya koti, akafanya ishara ya msalaba. Alimshukuru Mungu kwa safari, kisha akamshukuru dereva, kisha akawageukia waliokuja kumpokea. Walikuwa wengi kuliko alivyotazamia. Mji wa Muda wote, pale ukingoni mwa Bonde la Nyamsenga, ulikuwa umetoka nje: wanawake wenye watoto mgongoni, wazee kwenye viti vya plastiki, na kwaya ya kigango imejipanga kwa sare za njano.

Alikuwa ameitwa ili ashukuriwe. Ndivyo mwenyekiti wao alivyomwambia kwenye simu. Watu wa Nyamsenga walihamishwa zamani ili bonde lao lijazwe maji ya kuzalisha umeme. Sasa bwawa lilikuwa limezeeka, maji yamefunguliwa, na wenyewe wanarudi kwao. Bila picha za Mama Ngonyani, mwenyekiti alisema, wasingejua wanarudi wapi. Otilia alicheka, akamwambia yeye ni mchora mandhari wa filamu na televisheni, mtu ambaye jina lake hupita mwishoni wakati watazamaji wameshainuka kwenda kulala. Mwenyekiti akashikilia. Basi akaja.

Kwaya ikaanza kuimba. Ulikuwa wimbo mzuri, wenye besi nzito za wanaume wa milimani, na ulimsifu Mungu kwa ajili ya mlima. Mlima uliowakinga mababu na upepo, mlima uliolifunika bonde kama kuku afunikavyo vifaranga, Kiraka, Kiraka, kifua cha Nyamsenga. Kila jina lilipotajwa wanawake walipiga vigelegele. Otilia alipiga makofi kama mgeni anavyopaswa, huku akijiuliza neno hilo limefikaje kuwa jina la mlima. Yeye alilijua kama neno la cherehani.

*

Mwenyekiti aliitwa Benitho Sanga, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole iliyozoea kutuliza ugomvi. Alimwongoza mgeni hadi kwenye jengo la duara lisilo na dirisha, lililoitwa Banda la Mwangaza. Ndani walimkuta Mhandisi Anyosisye Mwakalinga, binti wa Kinyakyusa mwenye macho ya mtu aliyekesha. Mhandisi alimwamkia shikamoo kwa kupiga goti kidogo, akafunga mlango, akaiambia mashine neno moja, na bonde likasimama kuwazunguka pande zote.

Otilia alilitambua anga kabla ya kuitambua nchi. Lile anga alilipiga rangi yeye. Mawingu yale matatu ya upande wa mashariki aliyasogeza kwa mkono wake mpaka muongozaji akaacha kulalamika. Chini ya anga kulikuwa na mto, mashamba, kanisa dogo la matofali, vichaka vya mianzi ya kugema pombe ya ulanzi. Na upande wa kulia, pakubwa, umevimba kama mkate uliokandwa vizuri, mlima.

Mhandisi alieleza kazi ilivyo, kwa kuwa alidhani mgeni ameshangazwa na mitambo. Mwaka wa Mfuto, hazina kuu za kumbukumbu zilipokufa, ramani za nchi zilikufa nazo: vipimo vya ardhi, picha za kutoka angani, vyote. Kilichobaki ni kile watu walichokuwa wamekihifadhi majumbani, na watu wengi walikuwa wamehifadhi tamthilia. Sasa pale ufukweni palikuwa na Mrejeshaji, mtambo wenye mikono mingi kuliko jongoo. Ungeingia bondeni, ukasomba tope lililozidi kimo cha mtu, ukaifinyanga nchi upya kama ilivyokuwa. Ila mtambo haukujua nchi ilikuwaje. Lazima uambiwe. Ndiyo maana serikali ikatunga Kanuni ya Wengi: picha zilizosalia na ushahidi wa wenyeji vinapolingana, hiyo ndiyo ardhi. Ushahidi wa mtu mmoja mmoja usiolingana unawekwa kando.

"Na hapa vimelingana kuliko bonde lolote nililofanyia kazi," alisema. "Kwa sababu ya picha zako, Mama."

Otilia aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kukinunua, jina la mlima lilitoka wapi. Benitho akafurahi. Alieleza kwamba mteremko ulikuwa na vishamba vya ulezi na mahindi, kiraka hapa kiraka pale, ndipo wazee wakauita hivyo. Wengine walisema hapana, alikuwepo shujaa aliyevaa kiraka cha ngozi ya chui begani, akawazuia Wangoni peke yake pale juu. Mhandisi akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba kwanza jina lilipatikana na mashine yenyewe: lilikuwa limeandikwa ndani ya picha. Walipowasomea wazee, wazee wakakumbuka.

Otilia aliomba kiti.

Kabla hajawa mchoraji alikuwa fundi cherehani, Songea, mpaka alipokaribia miaka arobaini. Mumewe alipofariki alianza masomo ya jioni kwenye ukumbi wa parokia, akikaa dawati moja na vijana wa umri wa wanawe, akijifunza kwanza kuwasha kompyuta, kisha kuandika, kisha kuchora kwa kalamu yake. Jioni nyingi alifika na nyuzi bado zimemganda kwenye sketi. Mwalimu mmoja aliwafundisha kutazama mwanga. Aliwatoa nje machweo, akawataka waseme kivuli cha nguzo kina rangi gani, na jibu la "nyeusi" lilikuwa kosa. Otilia alirudi nyumbani usiku ule akamshukuru Mungu kwa vivuli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa amebatizwa jina la mtakatifu msimamizi wa macho, na hapo ndipo alipoona kwa nini.

Kutoka hapo Mungu akamfungulia mlango. Televisheni, kisha filamu, kisha filamu za nchi za mbali ambazo hata hakuwahi kuziona zikiisha. Kazi yake ilikuwa kuongeza kisichokuwepo na kuondoa kisichotakiwa, mtazamaji asijue. Na kwa kuwa alikuwa fundi cherehani, alipozitenga picha zake katika matabaka, aliyapa matabaka majina ya ufundi wake. Ukingo aliuita pindo. Tabaka la chini aliliita bitana. Na kile alichokibandika juu ya kitu ili kukificha, alikiita kiraka.

Tamthilia waliyoipiga Nyamsenga ilikuwa ya enzi za kabla ya Wajerumani. Walipiga picha bonde zima kutoka ng'ambo, na upande wa kulia palikuwa na uwanda wenye nyumba ya bati iliyong'aa kama kioo. Enzi zile hapakuwa na bati. Muongozaji alitaka nyumba iondoke na jua lichomoze nyuma ya kitu. Otilia akamchorea mlima.

*

Nje, watu walikuwa wakipika. Otilia aliomba apunge upepo, akatembea hadi mwisho wa mabanda. Huko alimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kiti, mgongo umeigeukia kwaya. Msichana aliyepewa kumsindikiza Otilia alimnong'oneza kwamba yule ni Mzee Ludoviko Kihwele, na kwamba asimjali sana, siku hizi amechanganyikiwa kidogo.

"Kamwene," Otilia alisalimia kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene. Nasikia wameleta Mngoni aje kutuonyesha kwetu." Mzee hakugeuka. "Mara ya mwisho Wangoni walipokuja hapa walikimbia wakaacha hadi ngao."

"Hatukukimbia, mtani. Tuliona mnakaribisha wageni kwa nyama ya mbwa, tukaaga."

Mabega ya mzee yakatikisika. Akamsogezea kiti cha pili kwa mguu. Kati ya Wahehe na Wangoni vita vilikwisha zamani vikazaa utani, na mtani hahitaji muda kuzoeleka. Walitukanana kidogo kwa raha mpaka mzee akalainika, na hapo akasimulia bila kuombwa.

Alikuwa na nyumba bondeni. Si kando ya mlima wala mlimani, bali pale pale wanaposema pana mlima. Uwanda mtupu. Alipowaambia waandikaji wa ushahidi, mashine ilimkataa. Alirudi mara ya pili, ikamkataa. Mara ya tatu wanawe wenyewe walimshika mkono wakamtoa, wakasema baba unatutia aibu. Mlima wanaujua wote. Wajukuu wake wamefunga ndoa mbele ya mlima huo ndani ya Banda la Mwangaza. Nyumba hakuna mwingine anayeikumbuka. Majirani wa upande ule wamekwisha kufa, na wanawe walihamishwa wakiwa wadogo mno. Na nyuma ya jiko la nyumba hiyo ndipo alipomzika mkewe, mwaka mmoja kabla ya maji. Serikali ilipohamisha makaburi hakukubali aguswe. Alisema moyoni, maji yamfunike, maji si mzigo. Lakini Jumatatu Mrejeshaji unaingia, na juu ya kichwa cha mkewe utajenga mlima.

"Hilo la kuteseka nimelizoea," alisema. "Linalonisumbua ni jingine. Siku hizi nami naona labda niliota."

Otilia akasema kwamba bati lilikuwa limechakaa, isipokuwa upande wa jikoni ambako palikuwa na mabati mapya, na hayo ndiyo yaliyong'aa. Kwamba palikuwa na pipa la maji pembeni, limeegemea ukuta kwa sababu kitako chake kiliharibika. Kwamba mlango ulikuwa wa kijani.

Mzee Ludoviko aligeuka sasa, kwa mara ya kwanza, kiti kikalia.

"Wa buluu," alisema.

"Kijani, mtani. Kijani cha majani ya mgomba."

Mzee akafikiri. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Kisha akasema polepole kwamba ni kweli, ulikuwa wa kijani, kabla ya Krismasi ile. Mkewe ndiye aliyeupaka buluu, kwa rangi iliyobaki kanisani.

Ndipo Otilia akamwambia. Hakulizungusha neno. Alisema yeye ndiye aliyeifunika nyumba hiyo, kwa sababu ndiyo kazi aliyotumwa, na kwamba ili ufunike kitu vizuri lazima ukitazame kuliko mwenye nacho anavyokitazama. Aliitazama nyumba hiyo wiki nzima, bati kwa bati. Na uwanjani alikuwepo mwanamke. Kwenye picha alikuwa mdogo kama punje ya mtama, lakini ukimkuza ulimwona: alikuwa ameinama juu ya mkeka, anaanika kitu, kisha anainuka, anaweka mkono juu ya macho, anatazama walipo wapiga picha. Alivaa kitenge cha rangi ya chungwa. Alikuwa wa mwisho kufutwa. Otilia alikuwa na desturi, tangu picha yake ya kwanza, kwamba hafuti mtu kabla ya kumwombea. Alimwombea yule, na kwa sababu hakujua jina alimwita mama wa uwanjani. Na kwa kuwa namna alivyoweka mkono machoni haikumtoka, aliendelea kumwombea miaka yote hii katika rozari ya jioni, fumbo la tatu.

Kule jikoni mtu aliangusha sufuria, wanawake wakacheka.

"Skolastika," mzee alisema mwishowe. "Anaitwa Skolastika. Ulikuwa ulezi, aliokuwa anaanika." Akajifuta uso kwa kofia. "Sina picha yake hata moja. Kumbe alikuwa kwako."

*

Habari haikukaa siri. Benitho alimkuta Otilia ndani ya kanisa la kigango, amepiga magoti benchi la mbele. Alisubiri amalize sala, akaketi benchi la nyuma yake, na alizungumza kwa heshima sana, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yawe mazito.

Hakubisha. Alisema anamwamini. Lakini alimwomba atazame upande wa pili wa kitambaa. Kanuni inasema picha kuu ikipingwa, faili la bonde zima linarudi mkoani kusikilizwa upya. Bonde jirani lilirudishwa hivyo. Mwaka wa tatu huu bado wanasubiri. Mvua ziko mlangoni. Familia zilizouza mifugo zijenge upya, wazee walioahidiwa kuzikwa kwao, wote hao watabaki kwenye mabanda haya. Kwa ajili ya nyumba moja ambayo haipo tena. Na mlima, alisema, hata kama ulichorwa, umeshafanya kazi ya mlima. Watu wamelia mbele yake, wamesali mbele yake. Mama yake mzazi, siku ya mwisho, aliomba abebwe hadi bandani aonyeshwe Kiraka. Alikufa macho yake yakiwa pale.

"Wewe umetupa kitu, Mama," alisema. "Usitunyang'anye."

Akatoka. Otilia alibaki na lile neno. Alikuwa mtu wa kushukuru. Watu wengi walimjua kwa hilo, wengine walimcheka kwa hilo. Alishukuru kwa masomo ya jioni, kwa macho yake, kwa kila muongozaji mkali. Na sasa aliona kwamba alichoshukuriwa asubuhi ile hakikuwa chake kukipokea. Aliomba apewe njia. Hakusikia sauti. Alichopata ni swali tu, akaondoka nalo hadi kwa mhandisi.

Alimkuta mezani kwake na akamwambia yote. Anyosisye akaitazama mashine yake kama mtu anayemtazama ndugu aliyesema uongo bila kujua. Otilia akauliza: je, kama hakuna anayepinga? Kama wenyewe waliotoa ushahidi wa mlima wakiuondoa, wote pamoja, kwa hiari yao?

Mhandisi alifungua kanuni akaisoma mara mbili. Kilichotolewa na wote kinaweza kuondolewa na wote, papo hapo, faili lisirudi. Lakini lazima wawe wote. Mkono mmoja ukibaki chini, ni ubishi, na ubishi unakwenda mkoani.

"Mwanangu," Otilia alisema, "naomba nafasi ya kuzungumza kabla ya chakula. Watu wenye njaa hawanuni muda mrefu."

*

Mkutano ulikaa uwanjani, mabanda upande mmoja, tope upande mwingine, Mrejeshaji kule chini umekunja mikono yake. Benitho alimkaribisha mgeni kwa sauti isiyo na furaha. Kwaya ilikuwa tayari kumpokea kwa wimbo ule ule, lakini Otilia aliinua kiganja.

Mtu wa nje akiwaeleza watu msiba wao, watamchukia. Ndugu akiwaeleza, watagombana. Mtani tu ndiye anayeweza kuingia msibani akamvua marehemu kofia, na waliofiwa wakacheka wakiwa na machozi. Hilo Otilia alilijua tangu utoto, na ndilo aliloshika.

Alianza kwa kuwapa pole Wahehe kwa kuishi bila Wangoni wa kuwaamulia mambo. Wakaguna kwa furaha. Aliwauliza kama ni kweli yupo shujaa aliyewazuia Wangoni peke yake mlimani. Wakaitikia kwamba yupo. Akasema basi ndiyo maana babu zake hawakumtaja kamwe, kwa kuwa hata mlima wenyewe hawakuuona, na Mngoni hakimbii asichokiona. Kicheko kikapasuka. Mzee mmoja alipiga fimbo chini.

"Mimi ni fundi cherehani," aliendelea, na sasa alipunguza sauti mpaka wakalazimika kunyamaza wamsikie. "Songea nguo ikitoboka tunaweka kiraka. Watani zangu, kile mnachokiimbia ni kiraka changu. Nilikishona kwenye kompyuta, nikakiandika jina ili nisikisahau. Hapakuwa na mlima. Palikuwa na uwanda, na nyumba ya bati ya Ludoviko Kihwele, na mkewe uwanjani akianika ulezi. Nimewaona. Mzee huyu hajachanganyikiwa. Ni sisi wote tuliochanganyikiwa, naye akabaki peke yake na akili yake."

Kicheko kilikatika kama uzi. Upepo ulipita kwenye mabati. Wana wa Ludoviko walikuwa wametazama chini.

Kiongozi wa kwaya, mama mrefu wa sauti ya kwanza, ndiye aliyesimama. Hakuwa na hasira tu, alikuwa ameumia. Aliuliza je, miaka yote hii walikuwa wakisali mbele ya kiraka cha fundi cherehani.

"Mlisali kwa Mungu, dada yangu," Otilia alijibu. "Mungu hakai ndani ya kompyuta yangu. Mlichoomba alikisikia, na ushahidi ni huu hapa: maji yametoka."

Mama yule alisimama hivyo hivyo kidogo. Kisha akaketi, na mtu wa jirani akamshika bega.

Otilia aliwaeleza kuhusu mikono, kwamba lazima iinuke yote, na hakuwaficha kwamba mmoja ukibaki chini watakosa mvua za mwaka huu. Mzee Ludoviko akaomba kusema. Watu waliogopa atawalaumu. Alisema tu kwamba yeye hana ugomvi na mlima. Wakitaka mlima wajenge, tope lipo la kutosha, ila wajenge kando. Wasimjengee Skolastika kichwani. Yeye mwenyewe hana mwaka wa kusubiri, na anajua hata wao hawana, kwa hiyo hatamnunia atakayeacha mkono chini. Akakaa.

Wa kwanza kuinua mkono alikuwa mwanawe mkubwa, yule aliyemtoa mbele ya mashine. Akafuata mdogo wake. Kisha vijana, kisha wanawake upande wa majiko, waliokuja na miko mikononi, miko ikainuka nayo. Wazee walioelezea habari za shujaa wa ngozi ya chui waliinua mikono wakitazamana, na mmoja akasikika akisema kwamba kusema kweli yeye hakuwahi kuupanda huo mlima, alidhani wenzake wamewahi. Hilo liliwarudishia watu kicheko kidogo. Kwaya iliinua mikono pamoja, kama inavyoingia kwenye kiitikio.

Mkono wa Benitho Sanga ulikuwa gotini.

Watu waligeuka kumtazama, naye hakumtazama yeyote ila Otilia. Alimuuliza mbele ya wote, kwa sauti iliyopasuka katikati, mama yake alikufa akiangalia nini.

Otilia alimwendea mpaka alipokuwa, akainama kidogo ili wawe sawa.

"Alikuwa akiangalia kwao," alisema. "Mto ni wa kweli, sikuugusa. Kanisa ni la kweli. Mianzi, mashamba, njia ya kisimani, vyote ni vyenu. Nilifunika mahali pamoja tu. Mama yako alikufa akiwa nyumbani, mwanangu, na nashukuru kama niliweza kumshikia taa."

Benitho alifumba macho. Mkono wake ulipanda taratibu, kana kwamba umefungwa jiwe, lakini ulipanda mpaka juu. Mhandisi aliitazama mashine, akasubiri, akasema kwa sauti kwamba imepokea. Uwanda umerudi. Jumatatu Mrejeshaji utaingia kama ulivyopangwa, na nyuma ya jiko la Ludoviko Kihwele utachimba kwa mikono yake midogo.

Hapakuwa na vigelegele. Watu walipumua. Mzee Ludoviko alikuwa amezungukwa na wanawe, mmoja amepiga magoti, na mzee alikuwa akimpiga kichwani kwa kofia, polepole, huku akisema jambo ambalo hakuna aliyelisikia.

Ndipo yule kiongozi wa kwaya akauliza swali ambalo Otilia hakulitazamia. Aliuliza ni viraka vingapi vingine. Katika filamu zote hizo, mabonde yote hayo, na mitambo hii inayozunguka nchi nzima ikiuliza picha ardhi ilikuwaje.

Otilia alifungua mdomo kusema ni vichache, na hakuweza. Vilimjia vyote: kituo cha mafuta alichokigeuza kichaka, soko lililogeuka mawe, shule yenye bendera, nyumba, nyumba, watu wadogo kama punje za mtama waliotazama juu, kila mmoja na sala yake fupi. Hakuogopa. Alihisi kitu kilichofanana na siku ile ya kivuli cha nguzo, kwamba hata sasa, na uzee huu, Mungu alikuwa bado anampa kazi. Alinyoosha mgongo, akainua mkono wa kulia, na watu wa Nyamsenga wakasimama bila kuambiwa, Mzee Ludoviko akishikiliwa na wanawe, mhandisi akiwa na kalamu yake hewani.

"Mimi Otilia Ngonyani," alisema, "mbele za Mungu na mbele yenu watani zangu, naahidi. Maadamu ningali hai na macho yangu yana nuru, nitakwenda kila mahali nilipofunika, nikae na wenyeji, niwaambie nani alikuwa pale. Nikifika kwa miguu, sawa, nikibebwa, sawa. Sitaingia kaburini na nyumba za watu machoni mwangu."